Kutoka Malishoni hadi Barabara ya Namanga: Tabia za Kila Siku na Mzigo wa Magonjwa Sugu Kajiado

Kaunti ya Kajiado ni miongoni mwa sehemu za Kenya ambamo mwenendo wa maisha umegeuka kwa kasi kubwa, kiasi kwamba mtu mmoja, kabla hajazeeka, ameweza kuyaona maisha ya kuhama na mifugo na maisha ya nyumba za kupanga katika ardhi ileile. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 687,312 katika kaunti hiyo, na ile ya mwaka 2019 ikahesabu 1,117,840, ongezeko lililotokana kwa sehemu kubwa na wahamiaji waliokuwa wakitafuta makazi ya bei nafuu karibu na Nairobi. Mji wa Kitengela peke yake, ulioko kilomita zipatazo 30 kusini mwa jiji hilo kwenye barabara iendayo Namanga, ulikuwa umefikisha zaidi ya watu 150,000. Mageuzi hayo yameandikwa sana kwa upande wa bei ya ardhi, foleni za magari na hatima ya wanyamapori wa Mbuga ya Nairobi. Yaliyotokea ndani ya miili ya watu, katika mishipa ya damu, kongosho, figo na ini, yameandikwa kwa nadra, ingawa ndiyo yanayomaliza akiba ya familia nyingi.

Magonjwa yanayozungumziwa huitwa sugu kwa kuwa, yakishaingia mwilini, aghalabu hayaponi bali hudhibitiwa kwa dawa na uangalizi wa maisha yote: shinikizo la juu la damu ambalo wengi huliita presha, kisukari, maradhi ya moyo, kiharusi, maradhi ya figo, magonjwa sugu ya mapafu na aina kadhaa za saratani. Wizara ya Afya huyaweka katika kundi la magonjwa yasiyo ya kuambukiza, na mkakati wa taifa wa kukabiliana nayo wa 2021/22 hadi 2025/26 unaeleza kwamba yanachukua zaidi ya nusu ya wagonjwa wanaolazwa hospitalini nchini na kusababisha takriban vifo vinne katika kila kumi. Takwimu za namna hiyo, hata hivyo, huhesabu ugonjwa mmoja baada ya mwingine, ilhali mgonjwa wa kawaida katika zahanati ya Kitengela au ya mji wa Kajiado hana ugonjwa mmoja. Ana presha, na baada ya miaka michache anaambiwa kwamba ana sukari, na baadaye vipimo vinaonyesha figo zimeanza kuchoka. Kuelewa kwa nini magonjwa hayo huandamana ndiko kunakoonyesha ni wapi juhudi za kuyazuia zielekezwe.

Kwa bahati, watu wa nyanda hizi walichunguzwa na wanasayansi mapema kuliko wengine wengi barani Afrika. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha jijini London uchunguzi uliowalinganisha Wamaasai na Wakikuyu wa Kenya kwa kigezo cha chakula na afya, na miongo mitatu baadaye daktari wa Marekani, George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, akaenda kuwapima Wamaasai wa upande wa Tanganyika akiwa na swali zito: ikiwa mafuta ya wanyama huziba mishipa ya moyo, inakuwaje watu wanaoishi kwa maziwa na nyama wasiugue moyo? Alikuta lehemu, yaani aina ya mafuta inayosafiri katika damu, ikiwa chini, na dalili za ugonjwa wa moyo zikiwa haba mno. Kisha mwaka 1972 yeye na wenzake walitoa matokeo ya kuchunguza mioyo ya wanaume 50 wa Kimaasai waliokuwa wamefariki, na matokeo hayo hayakuwa mepesi kama ilivyotarajiwa, kwa maana kuta za mishipa yao zilikuwa na utando wa mafuta unaokaribia ule wa wazee wa Marekani, ila mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka kadiri umri ulivyosonga, hivyo damu ikaendelea kupita bila kizuizi. Mann aliamini kwamba mishipa hiyo ilitanuliwa na mwendo wa miguu wa kila siku.

Kiasi cha mwendo huo kilipimwa vizuri zaidi baadaye. Mwaka 2010 Julius Mbalilaki na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha Wamaasai wa Tanzania, wakulima wa vijijini na wakazi wa mjini, wakakuta kwamba Wamaasai walikuwa wakitumia wastani wa kilokalori 2,565 kwa siku juu ya zile ambazo mwili huhitaji ukiwa umepumzika, wakulima takriban 1,500, na watu wa mjini 891 tu. Wengi wa Wamaasai hao walisema wanakula mafuta mengi, lakini uzito wao ulikuwa mdogo na hali ya mafuta katika damu yao ilikuwa njema kuliko ya makundi mengine mawili. Urithi wa vinasaba huenda una sehemu yake katika jambo hili, na haifai kuudharau. Hata hivyo, ni kosa kubwa kuusoma ushahidi huo kana kwamba Mmaasai amezaliwa na kinga isiyoondoka. Kilichopimwa na watafiti ni mtu pamoja na siku yake nzima, na siku ya namna hiyo, kwa wakazi wengi wa Kajiado, haipo tena.

Haikuondoka kwa sababu ya uvivu. Sheria ya mwaka 1968 ya uwakilishi wa vikundi katika umiliki wa ardhi ilianzisha ranchi za kikundi, ambamo jamii ilimiliki malisho kwa hati moja ya pamoja. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988 na kila mwanachama akapewa kipande chake. Miaka miwili baadaye serikali ilianzisha mfumo wa maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, na eneo la Athi River, jirani kabisa na Kitengela, likavuta maelfu ya wafanyakazi waliohitaji mahali pa kulala. Vipande vikauzwa, vikakatwa tena, hadi kipimo cha kawaida mdomoni mwa madalali kikawa ploti ya futi 50 kwa 100. Ua ulipozungushwa kila mahali, mfugaji aliyebaki hakuwa na pa kupitisha mifugo, na safari ya siku nzima ikawa matembezi ya kuzunguka boma. Inafaa kukumbuka kwamba tangu mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 kwa eka kwa mwaka ili wasijenge ua, kwa ajili ya pundamilia na nyumbu waliokuwa wakitoka mbugani. Katika hesabu zote za faida ya mpango huo, miguu ya binadamu haikutajwa.

Kwa wale waliohamia kutoka Ukambani, Murang'a, Kisii, Nyanza na kwingineko, ambao leo ndio wengi mjini Kitengela, mageuzi ya mwili yalianza siku walipoteremka kwenye basi. Hilo halisemwi kwa kukisia. Katika miaka ya 1980 Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Waluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 1990 walionyesha kwamba shinikizo la damu la wahamiaji lilikuwa juu tangu miezi ya mwanzo ya maisha ya jiji, pamoja na uzito na mapigo ya moyo. Mkojo wao ulionyesha sababu mojawapo: sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi inayovuta maji ndani ya mishipa, ilikuwa imeongezeka ikilinganishwa na potasiamu, madini ya matunda, mboga na viazi vitamu ambayo husaidia figo kuitoa sodiamu hiyo. Presha, ambayo wengi huiona kuwa ni ugonjwa wa uzee, ilikuwa imeanza kupanda kwa vijana wenye afya ndani ya msimu mmoja.

Chumvi hiyo huonekana wazi jioni kwenye steji ya matatu ya Kitengela. Muuza smoki, soseji nyembamba iliyokaushwa kwa moshi, husimama nyuma ya toroli lenye sanduku la kioo, huitoa moja ikiwa moto, huipasua katikati kwa kisu, huijaza kachumbari, huinyunyizia chumvi na pilipili, kisha humimina tomato sosi juu yake, na mteja huila akiwa amesimama, kwa bei isiyomlazimu kufikiri mara mbili. Nyama ya namna hiyo imekwisha kutiwa chumvi kiwandani kabla ya kutiwa nyingine kwenye toroli, na mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, likikadiria kwamba gramu 50 zikiliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Hapo pana chakula kimoja, chenye tabia moja ya kukila, na tayari magonjwa mawili yasiyofanana yamehusika. Jirani yake kuna chipsi zilizokaangwa katika mafuta yaliyorudiwa, na mbele kidogo vichomeo vya nyama choma, ambako chumvi huwekwa pembeni ya ubao kama kilima kidogo na kila kipande huchovywa kabla ya kuingia mdomoni. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai.

Anayenunua chakula hicho mara nyingi hana chaguo pana kama linavyodhaniwa na wahubiri wa afya. Mfanyakazi anayeishi Kitengela na kufanya kazi Nairobi huamka saa kumi au kumi na moja alfajiri ili aiwahi barabara kabla haijafunga, huketi ndani ya gari kwa muda mrefu kwenda na kurudi, na hufika nyumbani usiku akiwa hana nguvu ya kuchambua mboga. Amekosa mwendo, amekosa usingizi, na kukosa usingizi kwenyewe huongeza njaa na kupandisha shinikizo la damu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyo ya kuambukiza ulikuta kwamba watu wazima 94 katika kila 100 hawali matunda na mboga kwa kiwango kinachopendekezwa cha sehemu tano kwa siku, na takwimu hiyo isisomwe kama hukumu juu ya ladha ya Wakenya, bali kama kipimo cha muda, mshahara na umbali wa soko.

Mtu asidhani kwamba bomani mambo yamebaki salama. Watafiti wa kituo cha kimataifa cha mifugo barani Afrika waliofanya kazi katika ranchi za Olkarkar, Merueshi na Mbirikani mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuta unga wa mahindi na sukari ya dukani vikiwa vimekwisha kuingia katika mlo wa kila siku wa Wamaasai wa Kajiado. Kila ukame uliofuata, ukiwemo ule wa mwaka 2009 na ule mrefu wa 2020 hadi 2023 uliotapanya mizoga kandokando ya barabara, uliwapunguzia watu maziwa na kuwaongezea duka. Chai ndiyo iliyoziba pengo. Kikombe cha chai ya maziwa chenye vijiko vitatu vya sukari hubeba takriban gramu 12, na vikombe vinne kwa siku, ambavyo si vingi kwa mtu anayepokea wageni au kuchunga kwenye baridi, hufanya gramu 48, hali mpaka uliowekwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 ni kama gramu 50 kwa jumla ya sukari yote iliyoongezwa, pamoja na ya soda, mandazi na biskuti. Supu iliyochemshwa kwa gome la mti wa olkiloriti na maziwa mgando ya kibuyuni havijatoweka, lakini katika nyumba nyingi vimekuwa vya sherehe.

Sababu ya tabia chache kuzaa magonjwa mengi inapatikana katika namna mwili unavyofanya kazi kama kitu kimoja. Nishati isiyotumika huhifadhiwa kuwa mafuta, na yale yanayojikusanya tumboni, kuzunguka ini na utumbo, hayakai kimya: huachilia ndani ya damu kemikali zinazochochea uvimbe mdogo wa kudumu na kuufanya mwili uwe mzito kuitikia insulini, homoni itokayo kwenye kongosho ambayo kazi yake ni kuingiza sukari ndani ya seli. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi, hadi siku inaposhindwa, ndipo kisukari cha aina ya pili kinapotangazwa. Insulini nyingi iliyotangulia huwa imekwisha kuzifanya figo zishike chumvi na kupandisha presha. Sukari iliyofuata huchakaza utando wa ndani wa mishipa midogo ya macho, figo na miguu. Presha hupasua au kuziba mishipa ya ubongo. Na uvimbe ule wa kudumu, pamoja na homoni zinazotengenezwa na mafuta, huyapa mazingira mazuri baadhi ya magonjwa ya saratani, ikiwemo ya utumbo mpana na ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi. Uchunguzi wa mwaka 2015 uliwakuta na uzito uliozidi wanawake 38.5 katika kila 100 nchini Kenya, dhidi ya wanaume 17.5, na kwa kuwa kitambi na mwili mnene bado husifiwa kuwa dalili ya maisha mazuri, wengi huanza safari hiyo wakipongezwa.

Njia hiyohiyo inaweza kupitiwa kwa upande wa pili. Msuli unaotembea huchukua sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapofanya kazi kwa udhaifu, na mwendo huohuo hulegeza mishipa, hupunguza mafuta ya tumboni na kuleta usingizi, kwa hiyo anayeongeza mwendo hagusi ugonjwa mmoja. Ukubwa wa faida hiyo ulionyeshwa na Earl Ford na wenzake mwaka 2009, walipotoa matokeo ya kuwafuatilia watu 23,153 wa Potsdam, Ujerumani, kwa wastani wa karibu miaka minane. Wale waliokuwa na mambo manne kwa pamoja, yaani hawajawahi kuvuta sigara, hawana unene wa kupindukia, hufanya mazoezi angalau saa tatu na nusu kwa wiki na hula vizuri, walikuwa na hatari ya kupata ugonjwa sugu iliyopungua kwa asilimia 78 kuliko waliokosa yote manne: kisukari asilimia 93, mshtuko wa moyo 81, kiharusi 50 na saratani 36. Utafiti mwingine wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2020, uliowahusu karibu watu 292,000 katika nchi saba, ulionyesha kwamba hata uwezekano wa mtu mmoja kupatwa na saratani pamoja na kisukari au maradhi ya moyo hupungua kwa tabia hizohizo. Tafiti za kufuatilia watu haziwezi kutenganisha kabisa tabia na uwezo wa kifedha, na Potsdam ina njia za miguu zenye vivuli. Lakini mwelekeo wake unalingana na ule uliopimwa kwa Wamaasai.

Tumbaku na pombe zinajulikana, nazo hazihitaji maelezo marefu, isipokuwa kukumbusha kwamba ugoro na tumbaku ya kutafuna, ambavyo hutumiwa na wazee wengi wa kike na wa kiume bomani, si salama kwa sababu tu havitoi moshi. Moshi wa jikoni nao husahaulika: kati ya mwaka 1998 na 2001 shirika la teknolojia ya kati la ITDG lilifanya kazi na wanawake wa Kajiado kupanua madirisha na kuweka bomba za kutolea moshi katika nyumba zao za samadi na fito, na moshi ndani ya nyumba ukapungua sana. Mradi huo unastahili kutajwa kila panapozungumzwa tabia, maana hakuna mwanamke aliyetakiwa kubadili moyo wake. Kilichobadilishwa ni nyumba.

Kwa waliokwisha kuugua, tatizo la kwanza ni kutojua. Kati ya watu wazima waliokutwa na presha katika uchunguzi wa mwaka 2015, takriban 16 tu katika kila 100 walikuwa na habari kwamba wanayo. Hapo ndipo hatua ya Septemba 2023, ya kuwapeleka mitaani zaidi ya wahudumu 100,000 wa afya ya jamii wakiwa na mikoba yenye mashine ya kupima presha, kipima sukari na mizani, inapokuwa ya maana kubwa. Mhudumu anapoketi kwenye stuli katika ploti ya vyumba kumi vya kupanga, akaufunga mkanda wa mashine kwenye mkono wa mama muuza mboga, akamchoma kidole, na kuandika namba zote mbili katika simu yake, amefanya jambo ambalo mifumo mikubwa hushindwa kulifanya, kwani amemwona mtu mmoja mwenye mambo mawili kwa wakati mmoja. Faida hiyo hupotea ikiwa mama huyo ataelekezwa kwenye kliniki ya presha siku moja na ya kisukari siku nyingine, akipoteza siku mbili za biashara na nauli mbili, apewe ushauri ambao haukutani. Wizara na kaunti zingefanya vyema kupima huduma kwa idadi ya wagonjwa wanaomaliza shughuli zao zote kwa ziara moja.

Kizazi kinachofuata tayari kimegawanyika. Katika vijiji vya Kajiado vilivyo mbali na lami, watoto bado huenda shuleni kwa miguu, wakati mwingine umbali usiofaa kwa usalama wao. Kitengela, mtoto wa umri huohuo hupandishwa basi la shule kabla ya jua kuchomoza, kwa sababu kando ya barabara kuu bodaboda na matatu havimwachii pa kukanyaga, na baada ya masomo hufungiwa ndani ya geti kwa kuwa uwanja uliokuwepo umeshakuwa nyumba za kupanga. Mzazi anayefanya hivyo anamlinda mwanawe, na hakuna mhadhara wa afya unaoweza kumshawishi afanye vinginevyo. Mnyororo wa makosa ulianzia kwenye ramani: ploti zilikatwa bila njia ya miguu, bila uwanja, bila soko la mboga karibu na makazi, na kuvirudisha sasa kunahitaji kununua tena ardhi kwa bei isiyoshikika. Katika sehemu za Kajiado Kusini na Magharibi, hata hivyo, ugawaji wa ardhi ya jamii umechelewa au bado unaendelea, na wapima ardhi wanaotembea huko na vigingi vyao wanaweza, bila gharama kubwa, kuacha ukanda wa mita chache kati ya mstari wa ua na mstari wa barabara.